Tunu Isiyopandishwa Mizanini



Nilipotoka nyumbani asubuhi hii kuja katika ukumbi huu nilisimama kando ya barabara kuu muda usiopungua robo saa, nikingoja malori yapite ili nivuke. Na kwa kuwa mzee hana haraka, nikayahesabu, nikafika thelathini na moja kabla vumbi halijaniziba macho. Kila moja lilichukua mzigo uliokwisha kupimwa, ukaandikwa katika karatasi, ukapigwa muhuri. Mji huu wa Kolwezi, tangu ulipoasisiwa na kampuni ya madini ya Union Minière mwaka 1937, umeishi kwa mizani. Kampuni hupima kwa tani. Mchimbaji wa mkono hupima kwa gunia. Na mnunuzi wa madini kule Musompo, baada ya kuliweka gunia juu ya mizani ambayo mwenye gunia aghalabu haiamini, huligusisha kile chombo ambacho wachimbaji hukiita metoreksi, kikatoa tarakimu ya kadiri ya shaba au kobalti iliyomo, na tarakimu hiyo ndiyo huamua watoto wa mtu watakula nini jioni. Siwalaumu wapimaji. Nimetaja mizani ili mjue nimekuja kusema habari ya kitu ambacho hakipandi juu yake: kazi ndogo ya sanaa, itengenezwayo kwa mkono, moja kwa siku moja, ikatolewa bure kwa mtu mwingine, siku iyo hiyo ikiwezekana, na mwenye kuitoa akarudi zake nyumbani bila ya kuandika deni popote, hata moyoni.

Lugha yetu, ambayo babu yangu alikuja nayo kutoka Kasongo, kule chini ya mto huu huu wa Lualaba ambao sisi twakaa karibu na chimbuko lake, ina maneno mengi katika mlango huu kuliko wafikirivyo wale wanaodhani kuwa Kiswahili kilizaliwa sokoni kikakomea huko. Kuna zawadi, neno la kila mtu. Kuna hidaya, ambayo hupelekwa kwa adabu. Kuna hiba, ambayo hata kadhi huitambua, maana kwayo mali hutoka katika mkono wa mwenyewe yu hai, ikaingia katika mkono wa mwingine pasipo badili. Kuna sadaka, ambayo mtoaji huitoa huku akimtazamia Mola wake. Kuna takrima, ambayo ni haki ya mgeni. Na kuna tunu, kitu cha nadra kinachopendeza kwa uchache wake. Tena kuna rushwa, ambayo huvaa nguo za ndugu zake hawa wote ikapita mlangoni bila ya kuulizwa jina.

Tofauti baina ya maneno hayo usiitafute katika kitu chenyewe. Itafute katika lile linalongojwa baada ya kitu kutoka mkononi. Mwaka wa kwanza wa ualimu wangu mzazi mmoja aliniletea baiskeli, akasema ni kwa mapenzi tu, kwa kuwa aliniona natembea kwa miguu katika mvua. Muhula ulipokaribia kwisha akaja tena, akakaa, akanywa maji, akauliza habari za afya yangu, kisha akauliza habari za alama za mwanawe. Baiskeli ile niliirudisha, ingawa nakiri mbele yenu kwamba niliirudisha baada ya kuipanda wiki tatu. Tangu siku hiyo nimekiogopa kitu kikubwa kinachotolewa bure. Kitu kikubwa humwinamisha mpokeaji. Humfanya apite njia ya nyuma akikuona unakuja. Na mara nyingine mtoaji mwenyewe hajui kwamba amefunga mtu, bali hudhani amemfungua. Kitu kidogo hakina nguvu hiyo, na huko kukosa nguvu ndiko kunakonifanya nikipende. Sijapata kusikia hakimu aliyenunuliwa kwa ua la karatasi.

Sasa nataka kuwachukua mbali kidogo, mwendo wa kufuata mto kuelekea kaskazini, mpaka bonde la Upemba, mahali Lualaba inapotanuka ikawa maziwa na vinamasi. Hapo, ukingoni mwa ziwa Kisale, pana mahali paitwapo Sanga. Na mwaka 1957, na tena 1958, wataalamu wa mambo ya kale walifukua hapo makaburi mengi, na katika miaka ya 1970 Mbelgiji Pierre de Maret akaiendeleza kazi hiyo katika Sanga na katika mahali pengine pa bonde lile. Watu waliozikwa humo, walio wa zamani miongoni mwao wakiwa wa baina ya karne ya 10 na ya 13 au kabla ya hapo, walilazwa pamoja na vyungu vilivyofinyangwa kwa umahiri wa kustaajabisha, na vipambo vya shaba, na mikufu iliyosokotwa kwa nyuzi nyembamba za madini hayo, ilhali bonde lenyewe halina shaba, kwa hiyo madini yale yalisafirishwa kutoka huku kwetu juu. Na katika makaburi ya watoto mna vyungu vidogo. Nawaomba mlifikiri jambo hili taratibu. Mfinyanzi alikaa chini, katika siku ambayo bila shaka haikuwa siku ya furaha, akafinyanga chungu ambacho hakitapikia mtu, kadiri ya mtoto ambaye hatakua, akakitoa kwa mmoja asiyeweza hata kusema aksanti. Katika maisha yangu yote ya kufundisha vijana kuchora na kufuma, sijaona mfano wa hiba ulio safi kuliko huo.

Lakini sikuwaleta Sanga kwa ajili ya vyungu peke yake. Katika makaburi ya zama zilizofuata, tangu karne ya 14 hivi, vilianza kuonekana vile vipande vya shaba vyenye umbo la msalaba ambavyo kila mmoja wenu anavijua, maana misalaba mitatu ya namna hiyo iliwekwa juu ya bendera ya Katanga mwaka 1960, na leo huchongwa na kuchorwa kila mahali, hata juu ya milango ya baa. Msalaba huu hauna uhusiano na Ukristo. Ulikuwako kabla ya padri wa kwanza kuiona nchi hii. Mwanzoni misalaba ilikuwa michache kaburini, mmoja au miwili, ikawekwa juu ya kifua cha maiti. Baadaye, karne zilipopita, misalaba ikawa midogo, ikawa mingi, ikafanana kama punje, ikafungwa pamoja mafungu mafungu na kuwekwa karibu na mikono au kiunoni, mahali ambapo mtu hai huweka mfuko wake. Wataalamu huyasoma mabadiliko hayo hivi: kitu kilichokuwa cha heshima, cha kutolewa katika mambo makubwa ya maisha, kiligeuka polepole kikawa fedha ya kununulia.

Mimi si mtaalamu wa mambo ya kale, ila nimekaa miaka mingi na somo hilo kichwani, na nimeona kwamba linatufunza jambo juu ya mikono yetu. Msalaba ulipokuwa mkubwa na mchache, kila mmoja ulikuwa na mfua shaba wake, na bila shaka yuko aliyeweza kuutazama akasema huu ni wa fulani, uone alivyoupinda ubavu. Ulipofanana na wenzake elfu hapakuwa tena na haja ya kumjua aliyeufua. Na kitu kisichohitaji kujulikana aliyekifanya ndicho kilicho tayari kuwa fedha. Fedha haivumilii kutofautiana. Noti mbili zisizofanana, mojawapo ni bandia. Tunu, kinyume chake, hufa siku inapofanana na nyingine. Kwa hiyo ninapowaambia vijana wangu kwamba kazi ya leo isiwe nakala ya kazi ya jana, hata kama ya jana ilisifiwa, siwafundishi maringo ya msanii. Nawafundisha jinsi ya kuiweka kazi yao mbali na mizani.

Wazee waliofua shaba hapa kwetu walijua kwamba kazi yao ni ya kula: wenyewe walisema kwamba wanakula shaba, na Padri de Hemptinne, aliyekuja kuwa askofu huko Elisabethville, alipoandika habari zao mwaka 1926 aliwaita kwa jina hilo, walaji wa shaba. Wakati wa kiangazi, mashamba yakiwa yamepumzika, walitoka na jamaa zao wakaenda vilimani, wakachuma lile jiwe la kijani ambalo vitabuni huitwa malakiti, wakajenga tanuri kwa udongo wa vichuguu, wakaliyeyusha kwa makaa na mivukuto. Katika zama za Msiri, aliyetawala Bunkeya mpaka alipouawa tarehe 20 Desemba 1891, Wayeke, watu wake, walikuwa mabingwa wa kuivuta shaba ikawa uzi, na uzi huo ukazungushwa ukawa bangili. Na watu wa misafara kutoka pwani, waliozoea kuita masango nyaya nene na udodi zile bangili nyembamba za kuvaa, wakakuta huku bara mafundi ambao hawakuwa na haja ya kufundishwa na mtu. Nasimulia haya kwa sababu vijana husema kwamba shaba ni mali ya Wazungu na ya Wachina. Mikono iliyoivuta kwanza ikawa nyembamba kama unywele ilikuwa ya hapa.

Hapa mtu mwenye akili angenipinga, na naona mmoja pale mbele amekwisha kukunja uso. Angesema: Mwalimu, wachoraji wetu wa Katanga walichora picha zinazofanana, mamba muntu, yule mwanamke mwenye mkia wa samaki, baada ya mamba muntu, na viboko vya enzi ya Wabelgiji mara kumi na mara mia, juu ya magunia ya unga, wakaziuza kwa bei ndogo, na picha zile zikapendwa, wapi basi hoja yako? Swali ni la haki. Tshibumba Kanda Matulu, aliyezaliwa Elisabethville mwaka 1947 na asiyejulikana alipo tangu takriban mwaka 1981, aliishi kwa kuuza picha za namna hiyo mlango kwa mlango, mpaka alipokutana na mwalimu wa chuo kikuu Johannes Fabian mwaka 1973, akamchorea historia nzima ya nchi katika picha mia moja na moja huku akimsimulia kwa Kiswahili chetu hiki cha Katanga. Picha hizo watu waliziita ukumbusho. Mfanyakazi alinunua moja, akaitundika sebuleni, na mgeni alipoingia akaikuta, mazungumzo yakaanza: baba yangu naye alipigwa hivi, mjomba wangu alikuwa nyuma ya lile gari. Kufanana kwa picha kulivunjwa na kutofautiana kwa masimulizi. Kwa hiyo nakubali kushindwa kwa nusu. Kitu chenye kufanana chaweza kuwa tunu, ikiwa kinatolewa pamoja na neno ambalo halijapata kusemwa kwa mtu mwingine.

Tukienda magharibi ya mkoa wetu, kupita Mutshatsha mpaka Dilolo na Sandoa, tunafika kwa Wachokwe, na hao wana sanaa ambayo kwa maoni yangu ndiyo kilele cha jambo hili. Huiita sona, na kila mchoro mmoja ni lusona. Mzee hukaa chini, husawazisha mchanga kwa kiganja, hubonyeza vitone kwa ncha za vidole, vitone vyenye nafasi sawa safu kwa safu, kisha huanza kuchora mstari unaozunguka vitone vyote bila ya kuinua kidole, huku akisimulia kisa cha mnyama au cha mfalme au kitendawili. Na mstari ukirudi ulikoanzia, kisa nacho kimekwisha. Akisita katikati, watazamaji hutabasamu kwa namna ambayo mwalimu wa hisabu ataielewa. Ndugu zao wa Angola wamekwisha kuona sanaa hiyo ikiandikwa na UNESCO, mwaka 2023, katika orodha ya turathi za wanadamu. Lakini lusona yenyewe haiandikwi popote: upepo huja, au kuku hupita, au mtoto hukanyaga, ikafutika. Hakuna awezaye kuiweka, kuiuza wala kuidai. Imetolewa kwa wale waliokuwako, na wasiokuwako wameikosa.

Huko pwani, asili ya lugha yetu, wanawake wana kitu cha namna iyo hiyo, nacho ni kikuba: majani ya rehani na maua ya asumini yaliyofungwa kwa uzi jioni, yakachomekwa nywelani au kifuani, na aghalabu mwenye mti wa asumini hufunga kimoja chake na kingine cha jirani. Kufikia alfajiri kimenyauka. Ndiyo maana kesho hufungwa kingine. Kitu kinachonyauka humfanya mtu asiseme nimekwisha kutoa. Naye asiyeweza kusema nimekwisha kutoa hujenga mazoea, na wema uliozoewa hauhitaji tena kujitangaza kwa ngoma.

Nirudi sasa nyumbani, Kolwezi, maana mna haki ya kuniuliza kama jambo hili liko kwetu au ni hadithi za makaburi na za Wachokwe. Wengi wenu ni watoto wa makambi ya migodi, nanyi mwakumbuka fwaye, ile nyumba ambamo mama zenu walifundishwa kushona, kufuma, kutarizi vitambaa vya meza na kulea watoto. Waandishi wa siku hizi huikosoa fwaye, wakisema kampuni ilitaka kumtengeneza mke wa mfanyakazi kwa kipimo chake, na sina neno la kuwapinga. Ila mikono iliyofunzwa haikurudishwa kampunini. Union Minière ikataifishwa mwaka 1967, ikaja kuwa Gécamines. Migodi ikastawi, kisha ikadhoofika, na mgodi wa Kamoto ukaporomoka mwaka 1990. Kisha katika mwaka 2003 wafanyakazi 10,655 wakaachishwa katika mpango ulioitwa wa kuondoka kwa hiari. Fwaye zikafungwa milango au zikageuzwa matumizi. Na sindano zile za kufumia zikabaki katika makopo ya biskuti, juu ya makabati, katika nyumba ambazo sasa hazina mshahara.

Katika mtaa wangu yuko mjane mmoja, ambaye sitamtaja kwa jina kwa sababu angekasirika. Kila alfajiri, kabla ya kwenda shambani, hukaa kizingitini akafuma kitambaa cha duara, kiasi cha kiganja cha mtu mzima, kwa nyuzi alizozifumua katika masweta yaliyochakaa. Na kwa kuwa nyuzi zenyewe hutoka katika masweta mbalimbali, hakuna duara lililopata kufanana na jingine. Akienda shambani humpa mtu mmoja njiani: mwenye mtoto mchanga, au mwenye kutoka hospitalini, au kijana anayeteremka na tochi kichwani kwenda shimoni katika mtaa wa Kasulo. Nilimwuliza siku moja kwa nini haviuzi, naye ni mhitaji. Akanitazama kama mtu atazamavyo mwanafunzi mzito, akasema: “Hii haiko ya kuuzisha, mwalimu. Iko ya kupatia muntu.” Nikamwambia kwamba nimemwona msichana fulani akiuza sokoni kimojawapo cha vile alivyopewa. Nilidhani atasikitika. Akacheka, akasema basi msichana yule amepata munyu wa siku ile. Wala hakuacha kumpa.

Nimevifuatia vitambaa vile kwa udadisi usionihusu. Kimoja kinafunika kikombe cha maji cha mgonjwa. Kimoja kimeshonwa juu ya tundu la suruali ya mtoto wa shule. Kimoja kijana wa Kasulo hukitia ndani ya kofia yake, juu ya utosi, akasema kinazuia ukanda wa tochi usimchubue. Kipo na kimoja kilichotiwa katika fremu ya kioo, kikatundikwa ukutani karibu na picha ya harusi. Mjane alipokiona huko, huyo aliyekitundika aliniambia, alinyamaza muda mrefu, kisha akasema kimepindwa vibaya upande mmoja.

Padri Placide Tempels, Mfransisko kutoka Ubelgiji, ambaye kitabu chake juu ya falsafa ya Kibantu kilitoka mwaka 1945, alifika hapa Ruwe mwaka 1953. Na katika mazungumzo yake na wafanyakazi wa migodi na wake zao ikazaliwa harakati ya Jamaa, ambayo mafundisho yake yalitolewa kwa Kiswahili na kusimama juu ya maneno matatu: uzima, uzazi na mapendo. Mimi si mtu wa Jamaa, wala si Mkatoliki, na wazee wa Jamaa waliomo humu watanisamehe nikiazima neno lao bila ya ruhusa. Kila niyasikiapo maneno hayo kwa mpango huo, lile la katikati hunishika. Watu hudhani uzazi ni wa tumbo tu. Nami nikimwona mjane yule, ambaye tumbo lake halikujaaliwa mtoto, akitoa kila siku kitu ambacho jana hakikuwako duniani, huona kwamba mkono nao una uzazi wake.

Mtanikumbusha kwamba pana njaa. Mtasema mtu ambaye hajui atakula nini hana wasaa wa kufuma vitambaa. Hoja hii sitaijibu kwa ufasaha, maana ufasaha mbele ya njaa ni utovu wa adabu. Nitasema tu niliyoyaona: kwamba wanaotoa vitu vidogo katika mtaa wangu si wenye magari; na kwamba kijana atokaye shimoni baada ya kutwa nzima, ambaye kila alichokitoa ardhini kimepimwa na kutiwa dosari na mtu mwingine, akipewa kitu ambacho hakuna aliyekipima, husimama kidogo barabarani akikigeuzageuza, na uso wake huwa uso wa mtu aliyeitwa kwa jina lake. Hicho hakimshibishi. Wala sikudai kwamba kitamshibisha.

Kuna mambo mawili ya ufundi ambayo siwezi kuondoka bila kuyasema, maana najua humu mna wenye mikono myepesi. La kwanza ni nyaya. Vijana wengi hutengeneza baiskeli na vigari na maua kwa waya wa shaba, na kazi zao ni nzuri. Lakini waya uliokatwa usiku katika nguzo za umeme, ukauacha mtaa mzima gizani na hospitali bila taa, hauwi zawadi hata ukiugeuza malaika. Vipande wanavyoviacha mafundi wa umeme, na mota zilizokufa, vyatosha. La pili ni lile jiwe letu la kijani. Malakiti ni jiwe laini, lakubali msasa na tupa ya mkono, na mistari yake ya miviringo humvuta kila mwenye macho. Warusi walilichimba katika milima ya Ural wakapamba kwalo ukumbi mzima katika jumba la wafalme wao, na migodi ile ilipochoka dunia ikaligeukia la kwetu. Lakini zaidi ya nusu ya uzito wake ni shaba, na vumbi lake ni sumu kwa mapafu. Lisugueni likiwa limelowa maji, nje, mdomo umefungwa kitambaa, na watoto wakae mbali. Sitaki kusikia kwamba mtu amekohoa damu kwa ajili ya hisani.

Nina jambo moja tena. Mashariki yetu, karibu na Likasi, liko shimo la Shinkolobwe. Madini yaliyotoka humo, takriban tani 1,200, yalipelekwa na Edgar Sengier wa Union Minière mpaka New York mwaka 1940 na kuwekwa ghalani katika Staten Island, kabla hata waliokuja kuyanunua hawajajua kwamba watayahitaji. Na sehemu kubwa ya urani ya mpango wa Marekani wa kuunda bomu ilikuwa ya shimo hilo. Tarehe 6 Agosti 1945 bomu likaangushwa juu ya Hiroshima. Katika mji ule alikuwako mtoto wa miaka miwili, Sadako Sasaki, asiyepata jeraha siku ile, ila miaka tisa baadaye akaingiwa na saratani ya damu. Akiwa hospitalini, kwa kuwa Wajapani husema kwamba akunjaye korongo elfu wa karatasi hupewa haja yake, akaanza kukunja. Karatasi zikamwishia, akakunja karatasi zilizofungiwa dawa, nyingine ndogo hata ikambidi atumie sindano. Alikufa tarehe 25 Oktoba 1955, akiwa na umri wa miaka 12. Korongo wengine walizikwa naye. Wengine waligawiwa wanafunzi wenzake. Na baada ya miaka mingi jamaa zake walichukua mmoja wakaupa mji wa New York, uweke pamoja na kumbukumbu za msiba wake wa mwaka 2001, na mwingine wakampeleka Pearl Harbor, mahali ambapo Wajapani walikuwa wameanza kuwapiga Wamarekani.

Jiwe lilitoka kwetu kwa tani, likapimwa, likalipiwa, na kila idadi yake imeandikwa. Korongo mmoja wa karatasi ya dawa haandikiki katika daftari lolote la hesabu. Tangu nilipoisoma habari hiyo nimejifunza kumkunja, na mikono yangu ya uzee imenihangaisha, lakini sasa nakunja mmoja kila baada ya sala ya alfajiri, kwa karatasi zozote zilizomo nyumbani: bahasha, risiti, karatasi za mitihani ya wanafunzi ambao sasa wana wajukuu.

Mkitoka mtaona kapu karibu na mlango. Kila mtu achukue mmoja. Wametofautiana sana, wengine wameegemea ubavu, na mmoja nadhani ni bata. Nilikusudia watoshe viti vyote vya ukumbi huu, lakini mkono ulinivimba juzi, kwa hiyo wamepungua kama saba au wanane. Ninyi vijana mliokaa karibu na mlango mtafika kwenye kapu kwanza. Waacheni bamama watangulie, na wale watakaokosa wanipe majina yao, niwaletee kesho na keshokutwa, mmoja mmoja.